Nakili, Nukuu na Herufi ya 818

Dada yangu alinitumia picha ya majibu ya maabara ya saratani yake ya utumbo mpana saa tano usiku, bila salamu. Si kawaida yake. Picha ilikuwa imepinda, kona moja ina kivuli cha kidole gumba, na katikati ya jedwali kulikuwa na mstari aliouzungushia duara kwa kalamu nyekundu: TP53, c.818G>A, p.R273H. Juu yake kulikuwa na mstari mwingine, APC, ambao hakuuzungushia chochote. Kisha ujumbe: "Wewe si ndiye mtu wa maneno? Nitafsirie."

Ni kweli mimi ni mfasiri. Kazi zangu nyingi ni mikataba na miongozo ya mashine, ila mwaka mmoja kabla ya usiku huo nilikuwa nimetafsiri somo zima la biolojia ya saratani kwa ajili ya kozi ya mtandaoni. "Protini zinazozuia uvimbe" niliandika labda mara arobaini. Nikalipwa, nikasahau.

Nilimpigia.

"Hiyo TP53 ni nini, mdogo wangu?"

"Ni jeni, dada. Inatengeneza protini inayoitwa p53. Ni protini inayozuia uvimbe."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona haikuuzuia? Ililala?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na neno tu, na majuma yaliyofuata, kila niliposoma zaidi, niliona kwamba neno lenyewe ndilo lililonizibia njia.

Kuzuia ni kitendo cha mwili. Ukilisikia unamwona mtu amesimama mlangoni, katanua mikono. Mwaka 1992 David Lane, mmoja wa waliogundua p53, aliiita mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli, na tangu hapo kila kitini cha afya huchora ngao au askari. Jina zuri, nami nimelitafsiri kwa furaha. Lakini p53 haina ngao. Haikabiliani na uvimbe, haiwindi seli mbovu. Kazi yake kuu ni kushika DNA mahali maalumu na kuifanya jeni iliyo jirani isomwe. Basi. (Wako watafiti wanaoonyesha kwamba p53 ina shughuli zake pia nje ya kiini cha seli, kwenye mitokondria, nami siwapingi, ila kazi hiyo ni ya pembeni ukilinganisha na hii.) Seli kusimama, seli kujirekebisha, seli kujiua, hayo yote tunayoisifia p53 hufanywa na protini nyingine ambazo yenyewe imeamuru zitengenezwe.

Hapo ndipo nilipokumbana na deni langu la lugha. Kiswahili kina nakili na kina nukuu, na mimi kwa miaka nimeyatumia maneno hayo kwa kubadilishana katika maandishi ya sayansi, nikidhani ni suala la ladha. Si ladha. Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili: huchukua DNA yote, herufi kama bilioni 3 kwa kila seti, na kuiandika upya kuanzia jalada hadi jalada. Saa nyingine zote seli haifanyi hivyo. Hunukuu. Hufungua mahali, huchukua kifungu kimoja, hukiandika kwenye karatasi nyepesi iitwayo RNA, na kukipeleka nje ya kiini kikafanyiwe kazi. Waliochagua neno "unukuzi" kwa ajili ya tendo hili la pili walikuwa na sikio zuri kuliko langu. Anayenakili hachagui. Anayenukuu ameshachagua: kifungu kipi, mara ngapi, kwa wakati gani. Seli ya ini na seli ya jicho hubeba kitabu kilekile chenye jeni za protini zipatazo 20,000, na sehemu kubwa ya tofauti yao imo kwenye nukuu.

Baada ya unukuzi hufuata hatua ambayo vitabu huiita tafsiri, ambapo RNA husomwa na protini kuundwa. Kama mfasiri ningependa kusema hapo ndipo penye uzito, lakini ukweli ni kwamba mfasiri wa seli hutafsiri alicholetewa. Mambo yameshaamuliwa ghorofa ya juu. Na mimi kazini ndivyo hivyo.

Kimeng'enya kinachofanya unukuzi wa jeni za protini kinaitwa RNA polimerasi ya II, na cha kushangaza ni jinsi kilivyo kipofu. Kinajua kuandika, hakijui wapi paandikwe. Kinahitaji kuitwa. Wanaokiita ni protini ambazo kila moja imeumbwa itambue mpangilio wake wa herufi, na p53 ni mmoja wao. Upande mmoja wa p53 hushika DNA. Upande wa pili, kipande kisichokunjika kilicho mwanzoni mwa protini, huning'inia na kuvuta wasaidizi: p300 na CBP, ambazo huzibandika histoni, protini ambazo DNA huzongwa juu yake, vijitepe vya kikemia viitwavyo asetili ili DNA iliyozongwa ilegee, kisha kundi kubwa liitwalo Midieta, ambalo huunganisha aliyeita na polimerasi inayosubiri. Hivyo ndivyo RNA inavyoanza kutoka.

Sasa tazama anwani yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mstari wa kalamu nyekundu ulipoanza kuniingia akilini. p53 hutafuta herufi kumi zenye sura hii: A au G mara tatu, kisha C, kisha A au T mara mbili, kisha G, kisha C au T mara tatu. Chukua penseli uiandike, halafu andika uzi wa pili wa DNA unaolingana nayo (A hukabiliana na T, C na G) na uusome kutoka mwisho kuja mwanzo. Utakuta mpangilio uleule. Anwani inasomeka sawa kutoka pande zote mbili. Na p53 haitosheki na moja. Inataka mbili, zikiwa zimeshikana au zimeachana kwa herufi chache, jumla ishirini. Sababu ni kwamba p53 haifanyi kazi peke yake. Huungana nne, na kila moja hushika robo yake ya herufi tano. Jeni iitwayo CDKN1A, ambayo hutengeneza protini p21, ina anwani mbili kama hizo kabla ya mahali inapoanzia: moja yapata herufi 2,300 nyuma, nyingine yapata 1,400. Kundi la p53 nne likitua pale, p21 inaanza kunukuliwa kwa wingi, na p21 huzifunga breki mashine zinazosukuma seli igawanyike.

Kushika huko kulionekana kwa macho mwaka 1994, maabara ya Nikola Pavletich huko New York ilipochapisha umbo la p53 ikiwa imekumbatia DNA. Kwenye umbo lile kuna asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, chache tu zinazoigusa DNA moja kwa moja. Mojawapo ni arjinini iliyo nafasi ya 273 kati ya 393 zinazounda protini nzima. Arjinini ina mkono mrefu wenye chaji chanya kwenye ncha. Uti wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi. Mkono unafika, unashika.

R273H. R ni arjinini, H ni histidini. Na c.818G>A ndiyo kosa la herufi lililozaa badiliko hilo. Herufi za jeni husomwa tatu tatu, na ya 818 ndiyo ya katikati katika kundi la 273. Kundi hilo kwa kawaida ni CGT, na maana yake ni arjinini. Ndani ya uvimbe wa dada yangu limekuwa CAT, na maana yake ni histidini, ambayo mkono wake ni mfupi na chaji yake si ya kutegemewa. Protini imetengenezwa, imekunjika vizuri karibu kama nzima, imeingia kwenye kiini, imefika mtaani. Inanyoosha mkono, mkono haufiki.

"Kwa hiyo haikulala," dada alisema nilipomweleza hivyo kwa simu.

"Haikulala."

"Afadhali ingelala."

Nikacheka, lakini baadaye niligundua kwamba alikuwa amesema jambo zito kuliko alivyodhani. Kumbuka p53 huungana nne nne. Tuseme seli ina jeni mbili, moja nzima na moja yenye kosa, na kila moja inatengeneza nusu ya protini. Ukizichanganya ovyo, kundi lenye zote nne nzima litapatikana mara moja tu katika kumi na sita. Hesabu hiyo imo kwenye vitabu vingi, na nimekuja kujua kwamba ni ya haraka mno: p53 huanza kuungana mbili mbili zikiwa bado zinatengenezwa, kutoka RNA moja, ndipo jozi zikaungana na jozi. Nzima hushikana na nzima, mbovu na mbovu. Kwa mpangilio huo robo ya makundi hubaki salama. Hata hivyo hasara ni kubwa kuliko ile ya kupoteza jeni moja tu. Ingekuwa kweli imelala, yaani isitengenezwe kabisa, zile nzima zingefanya kazi bila kuburutwa.

Kisha akauliza swali ambalo nilijua linakuja. "Nilifanya nini?"

Makosa ya herufi yana miandiko, na hili nililipenda kujifunza ingawa mazingira yalikuwa mabaya. Benzopireni iliyo kwenye moshi wa sigara hujibandika kwenye G, hasa karibu na makundi ya 157, 248 na 273, na kuacha nyuma G iliyogeuka T. Aflatoksini, sumu ya ukungu, ina mahali inapopapenda kwenye saratani ya ini: kundi la 249, tena G kuwa T. Lakini G kuwa A mahali ambapo C na G zimefuatana ni mwandiko tofauti. C iliyo mbele ya G mara nyingi huvikwa kitepe cha methili, na C yenye methili ina ugonjwa wake wa kikemia wa kugeuka T yenyewe, kwa maji tu na kwa muda. Ukilitazama kutoka uzi wa pili, ni G iliyogeuka A. Hakuna awezaye kuthibitisha chanzo cha herufi moja kwa mtu mmoja, na nilimwambia hivyo. Lakini mwandiko uliopo ni ule ambao kuzeeka peke yake huweza kuuandika.

Hakujibu. Nilisikia tu akifungua na kufunga kabati.

Katika kusoma kwangu nilikutana na hadithi ambayo nadhani kila mfasiri angeisoma kwa aibu. p53 iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa kwa mpigo, likiwemo la Lane na Lionel Crawford huko London na la Arnold Levine huko Princeton. Waliiona imeng'ang'aniwa na protini ya kirusi cha nyani, SV40, ndani ya seli zilizogeuka kuwa za saratani. Wakaipa jina kwa uzito ulioonekana kwenye jeli ya maabara, kilodaltoni 53. Hata jina ni kosa: uzito wake halisi ni kama 44, ila kipande chake chenye prolini nyingi huifanya itembee polepole kwenye jeli. Kwa miaka kumi ikahesabiwa miongoni mwa protini zinazochochea saratani. Mwaka 1984 majaribio yalionyesha kwamba ukiitia ndani ya seli pamoja na RAS, jeni inayochochea saratani, seli zinaharibika. Ushahidi wazi kabisa, usio na ubishi.

Isipokuwa jeni waliyoitumia ilikuwa na kosa. Walikuwa wameichukua kutoka kwenye seli zilizokwisha haribika, wakaidhania ndiyo ya asili, na kwa miaka wakaeleza tabia ya protini nzima kwa kutazama iliyovunjika. Mwaka 1989 kundi la Levine liliijaribu iliyo salama, nayo ikazuia seli zisigeuke. Mwaka huohuo maabara ya Bert Vogelstein huko Baltimore ilisoma herufi za TP53 kwenye saratani za utumbo mpana, ugonjwa uleule wa dada yangu, na kukuta kwamba jeni moja imepotea na iliyobaki ina kosa. Moja ya makosa hayo ilikuwa kwenye nafasi ya 175, arjinini kuwa histidini. Ndiyo badiliko lilelile la herufi za majibu ya dada, ila mtaa mwingine wa protini. Ile ya 175 haigusi DNA, bali ikiharibika umbo lote hulegea.

Nimewahi kutafsiri kutoka nakala yenye makosa ya uchapaji bila kujua. Mteja ndiye aliyegundua. Kwa hiyo siwacheki.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote katika mambo haya ni protini iitwayo MDM2, na hakimo kabisa kwenye majibu ya dada. p53 ni protini hatari kuwa nayo. Ikiita jeni kama PUMA, NOXA na BAX, seli hujiua. Ndiyo maana katika seli tulivu huachwa iishi dakika chache tu, pengine ishirini, halafu huvunjwa. Anayeikabidhi ivunjwe ni MDM2: huziba kile kipande kinachoning'inia cha kuita wasaidizi, kisha huibandika p53 alama za yubikwitini zinazoipeleka kwenye kinu cha kusagia protini. Na MDM2 inatoka wapi? Jeni yake ina anwani ya p53. p53 humwita mwuaji wake mwenyewe. Ukiwanyima panya MDM2 hufa wakiwa viini tete. Ukiwanyima MDM2 na p53 kwa pamoja, wanazaliwa. Majaribio hayo mawili ya mwaka 1995 yaliniambia zaidi kuhusu ukali wa p53 kuliko ngao zote nilizowahi kuona kwenye vitini.

Mzunguko huu una mdundo. DNA ikikatika, kimeng'enya kiitwacho ATM huibandika p53 na MDM2 fosfeti, mshiko kati yao hulegea, p53 hupanda. Inaita MDM2 miongoni mwa nyingine nyingi. MDM2 hupanda, p53 hushuka. Kama jeraha bado lipo, inapanda tena. Mwaka 2004 watafiti waliotazama seli moja moja chini ya hadubini, badala ya kuzisaga mamilioni kwa pamoja, waliona mapigo hayo waziwazi, moja kila baada ya saa tano na nusu hivi. Mionzi ikiongezwa, mapigo hayawi makubwa zaidi wala marefu zaidi; huongezeka idadi. Ukisaga seli zote pamoja unapata wastani, mapigo yanafutana, unaona kilima kimoja kinachoshuka taratibu. Seli inahesabu, nasi tulikuwa tunasikia kelele.

Kwenye uvimbe wenye p53 mbovu mdundo hupotea. Wataalamu wa tishu wakiipaka rangi huona viini vya seli vimekolea kahawia: p53 imejaa tele, haina kazi. Maelezo rahisi ni kwamba haiwezi kumwita MDM2, kwa hiyo haivunjwi. Ni kweli kwa sehemu tu. Panya waliozaliwa na p53 mbovu hawailimbikizi kwenye tishu zao zenye afya. Ni ndani ya uvimbe ndipo inapojaa, kwa hiyo uvimbe wenyewe unachangia.

Ningeweza kuishia hapo, lakini p53 ni aina moja tu ya mnukuzi, na kwa haki ya mada lazima niitaje RB, protini nyingine inayozuia uvimbe, ambayo hufanya kinyume na ambayo haigusi DNA hata kidogo. Historia yake ilianza kwa watoto. Alfred Knudson mwaka 1971 alichukua kumbukumbu za wagonjwa 48 wa saratani ya retina na kuhesabu umri waliougua. Waliorithi waliugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Wasiorithi walichelewa na ilikuwa jicho moja. Kwa penseli na hesabu, bila kuiona jeni yoyote, alisema panahitajika mapigo mawili, yaani nakala zote mbili za jeni ziharibike, na kwamba wanaorithi huzaliwa na la kwanza. Jeni yenyewe, RB1, ilikamatwa mwaka 1986.

RB hufanya kazi kwa kumlalia mtu mwingine. Protini iitwayo E2F ndiye anayeshika DNA kwenye jeni zinazohitajika ili seli inakili kitabu chake. RB humkalia E2F pale pale, ikaufunika mdomo wake wa kuita, kisha ikaleta vimeng'enya vinavyobandua asetili kwenye histoni ili DNA izongwe tena. Ukurasa umefungwa na mkono juu yake. Seli ikipata ruhusa ya kukua, protini zinazosukuma mgawanyiko, saiklini D na wenzake CDK4 na CDK6, huanza kuibandika RB fosfeti, saiklini E na CDK2 humalizia, RB inabanduka, E2F anaita. Dawa za kuzuia CDK4 na CDK6, ya kwanza ikiwa palbosiklibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti, kwa maneno mengine ni dawa za kuuacha mkono ule pale ulipo. Uvimbe usio na RB hauna mkono wa kuuacha, na dawa hizo hazina la kufanya.

p21 nayo, ile inayoitwa na p53, huzishika CDK hizohizo zisiibandue RB. Ndipo p53 na RB zinapokutana. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba p53 huita baadhi ya jeni na kuzinyamazisha nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Mimi pia niliandika hivyo, kwenye sehemu ya tatu ya ile kozi. Sasa ushahidi umeelemea upande mwingine: karibu mara zote p53 ikigusa jeni huiita, na jeni zinazonyamaza hunyamazishwa kupitia p21, ambayo huacha jamaa za RB, p107 na p130, ziunde kundi liitwalo DREAM na kuzifunga. Yaani hata kunyamazisha kwake ni nukuu. Inanukuu mtu mmoja, ambaye anakwenda kuwanyamazisha wengine. Nilimwandikia mteja wa kozi kumwomba abadilishe sentensi ile. Akanijibu kwamba mafungu ya kazi hiyo yameshafungwa.

Virusi vilijua haya yote kabla yetu. Kirusi cha papiloma kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi kina protini mbili za kazi: E7 huing'oa RB, E6 hukodi kimeng'enya cha seli yenyewe na kuipeleka p53 ikavunjwe. Ndani ya seli za HeLa, zilizotokana na uvimbe wa Henrietta Lacks mwaka 1951 na ambazo bado zinaoteshwa maabara duniani kote, jeni ya TP53 haina kosa lolote. Herufi ziko sawa. Protini haikai tu.

Na ule mstari wa APC ambao dada hakuuzungushia duara? Hiyo haiko hata kwenye kiini muda mwingi wa kazi yake. Huko nje husaidia kuivunja protini iitwayo beta-katenini. APC ikikatika, beta-katenini hujaa, huingia kwenye kiini, hushirikiana na TCF, protini inayoshika DNA, na kuita jeni za kukua, MYC ikiwa mojawapo. Katika saratani nyingi za utumbo mpana hilo ndilo kosa la mwanzo, miaka mingi kabla ya TP53. Ningelikuwa mimi mwenye kalamu nyekundu ningeanza nalo.

Daktari wake alimweleza kwamba mstari wa TP53 hautabadilisha dawa atakazopewa. Alichohitaji kujua ni kitu kingine, nacho kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo ambayo kwenye picha ile yalifunikwa na kivuli cha kidole: sampuli ilikuwa ya tishu ya uvimbe. Hiyo peke yake haithibitishi alichozaliwa nacho. Wapo wanaozaliwa na TP53 yenye kosa katika kila seli. Ugonjwa wao ulielezwa mwaka 1969 na Frederick Li na Joseph Fraumeni, na chanzo chake kikajulikana mwaka 1990. Ili kujua kama yeye ni mmoja wao ilibidi apime damu. Ana watoto watatu. Hatukuwataja kwa simu, si yeye wala mimi.

Majibu ya damu yalichukua majuma manne. Safari hii picha ilikuwa imenyooka, ameiweka karatasi mezani na kuwasha taa. Mstari mmoja: TP53, hakuna badiliko lililoonekana. Chini yake alikuwa ameandika kwa mkono, herufi kubwa, nafasi ya 818, G, halafu alama ya kuuliza.

Nikamjibu: "Ndiyo, dada. G."

"Basi iache hivyo," akaandika. Baada ya dakika moja ujumbe wa pili ukaingia. "Na hujambo lakini?"